Mshono Umepona, Mguu Bado

Safu hii ya afya kwa kawaida huzungumza juu ya mtoto, mama mjamzito, choo na maji ya kunywa. Leo nitazungumza juu ya mbwa. Usicheke, wala usikunje gazeti. Soma mpaka mwisho, kisha useme kama nimekupotezea wakati.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati moja huku Makanya, wilaya ya Same. Nina cheti, sina shahada. Nilifundishwa kutibu watu, sikufundishwa kutibu wanyama. Lakini kijijini mtu akivaa koti jeupe huulizwa kila kitu. Ndani ya zahanati ataulizwa juu ya homa ya mtoto. Akitoka nje ataulizwa juu ya mbuzi asiyekula. Siku moja mimi niliulizwa juu ya mbwa, nikajibu vibaya. Kosa hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

KOSA LANGU

Wewe unayekaa Makanya unaijua barabara yetu. Ni ile barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Usiku malori hupita kwa kasi. Mbuzi hugongwa, mbwa hugongwa, na mara nyingine watu pia.

Yuko mama mmoja mjane anayekaa huku tambarare. Ana mbuzi wachache, na hao ndio benki yake. Hana kijana wa kulinda usiku. Mlinzi wake alikuwa mbwa dume, bado mdogo, hajatimiza mwaka. Mbwa huyo aligongwa na gari. Mfupa wa paja la nyuma ukavunjika.

Majirani walisema, "Muue tu, umpumzishe." Mama alikataa. Mwanawe anafanya kazi mjini. Alikuja, akamchukua mbwa, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alipasua paja, akaunganisha mfupa kwa chuma chembamba, akashona. Ilikuwa kazi nzuri. Mbwa akarudi nyumbani akiwa hai.

Siku ya pili yake mama alikuja zahanati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mbwa wangu. Sasa nimfanyeje?"

Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa. Nilimjibu haraka. Nilisema, "Mfunge kamba fupi, asitikisike hata kidogo, mpaka apone kabisa. Miezi 2."

Mama huyo ni mtu wa kushika neno. Alimfunga mbwa miezi 2 kamili. Alimlisha, alimpa maji, alimfukuzia nzi. Alipomfungua, mfupa ulikuwa umeunga. Mshono ulikuwa umepona. Lakini mguu ulikuwa umenyooka kama fimbo. Goti halikunjiki. Paja limekonda, limebaki ngozi na mfupa. Mbwa alitembea kwa miguu 3, na ule wa 4 aliuburuta.

Baada ya muda fisi walikuja usiku, wakachukua mbuzi 2. Mbwa alibweka sana, lakini hakuweza kuwakimbiza.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Nilifanya kama ulivyoniambia." Maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi.

KWA NINI MGUU ULIKAUKA?

Ndugu msomaji, mguu si mfupa peke yake. Mguu una mfupa, una misuli, una viungo kama goti na nyonga. Daktari akipasua na kushona, anatengeneza mfupa na ngozi. Misuli na viungo hurudi katika kazi yake kwa kutumiwa.

Msuli usiofanya kazi hukonda. Kiungo kisichokunjwa hukaza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Na paja likivunjika kuna hatari nyingine. Msuli wa mbele ya paja huweza kushikamana na mfupa unaounga. Hapo goti hukaza likiwa limenyooka. Jambo hili huwapata zaidi mbwa wadogo, na halichukui muda mrefu. Wiki chache tu zinatosha. Likishatokea, hata daktari bingwa hupata shida kulirekebisha.

Sasa nitakuambia jambo la aibu. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa mtu. Mtu akivunjika mguu, akifunguliwa plasta, hufundishwa kukunja goti na kutembea kidogo kidogo. Hapo Moshi, hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ina wataalamu wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1981 kuna pia chuo kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi nilijua hayo, lakini sikufikiri kwamba mbwa naye ana msuli na ana goti.

Wenzetu wa nchi nyingine wamefikiri. Huko Marekani, mwaka 2010, tiba ya mazoezi kwa wanyama ilitambuliwa kuwa fani maalumu ya madaktari wa mifugo. Mbwa aliyepasuliwa goti hutembezwa ndani ya tangi la maji, ili maji yambebe uzito. Sisi hatuna tangi hilo. Lakini tuna mchanga laini wa korongo, tuna kamba, tuna mikono. Vitu hivyo vinatosha kwa kazi kubwa.

MBWA WA PILI

Baada ya kosa lile nilimtafuta daktari wa mifugo. Nilimwuliza, naye akanieleza. Niliandika kila neno katika daftari langu.

Haikupita miezi mingi, mbwa mwingine aliumia. Huyu alinaswa na mtego wa waya porini, upande wa kuelekea Mkomazi. Waya ulikata nyama ya mguu wa mbele mpaka karibu na mfupa. Daktari alikata nyama iliyooza, akasafisha, akashona. Mwenye mbwa ni mama anayehudhuria darasa la kisomo. Amejua kusoma na kuandika juzi juzi tu. Nilimpa yale niliyoandika. Yeye akanunua daftari dogo, akaandika kila siku: tarehe, dakika alizomtembeza mbwa, na kama mguu ulivimba au haukuvimba.

Mbwa huyo leo anachunga mbuzi. Anachechemea kidogo asubuhi ya baridi, basi. Dawa zake zilikuwa zile zile alizopewa mbwa yeyote. Tofauti ilikuwa mazoezi na lile daftari.

FANYA HIVI

Kwanza, kabla ya kumchukua mnyama kutoka kwa daktari, uliza maswali 3. Aanze kutembea lini? Ni kiungo gani nikikunje, na kipi nisikiguse? Nyuzi zitatolewa lini? Jibu la daktari ndilo la kufuata, maana yeye ameona mfupa. Haya yafuatayo ni njia ya kawaida.

1. Siku 3 za mwanzo. Mnyama apumzike mahali pakavu, penye kivuli, juu ya magunia au nyasi kavu. Chovya kitambaa safi katika maji ya mtungi, kikamue, kiweke kando ya mahali palipovimba kwa dakika 10. Usilowanishe mshono. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Baridi hupunguza uvimbe na maumivu.

2. Siku ya 4 mpaka nyuzi zitolewe. Kwa kawaida nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika siku hizi mtoe mbwa kwa kamba, mara 3 kwa siku, dakika 5 tu, aende haja na kurudi. Aende polepole sana. Akienda polepole huweka mguu chini. Akienda mbio huukunja na kurukaruka kwa miguu 3.

3. Kama daktari ameruhusu, kunja na kunyoosha kiungo kwa mkono. Mlaze mbwa kwa ubavu, mguu mbovu ukiwa juu. Shika juu ya kiungo kwa mkono mmoja na chini ya kiungo kwa mkono mwingine. Kunja taratibu, nyoosha taratibu, mara 10. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Akigeuza kichwa au akivuta mguu, umefika mwisho wake kwa siku hiyo. Usilazimishe. Kesho utafika mbele kidogo.

4. Kanda misuli kwa kiganja. Anza chini karibu na unyayo, panda juu kuelekea mwilini. Usiguse mshono.

5. Nyuzi zikishatolewa, ongeza mwendo. Kila wiki ongeza dakika 5. Mpeleke kwenye mchanga wa korongo asubuhi na mapema, kabla mchanga haujawaka. Mchanga humfanya anyanyue mguu, na akianguka haumii. Wakati wa mvua usiende korongoni. Wewe unajua jinsi maji ya mlimani yanavyoshuka ghafla.

6. Mfundishe kukaa na kusimama. Mwonyeshe kipande kidogo cha ugali, akae, kisha asimame. Mara 5, halafu mara 10. Zoezi hili hujenga paja.

7. Kupanda mlima na kukimbia ni mwisho kabisa. Mfupa wa mbwa mzima huweza kuchukua wiki 8 mpaka 12 kuunga vizuri. Daktari ndiye atakayesema, "Sasa mwachie." Siku zote hizo usiku alale mahali palipofungwa, asikurupuke kufukuza kitu.

Mbwa akilamba mshono atakata nyuzi. Chukua ndoo ndogo kuukuu ya plastiki, toboa chini tundu la kuingia shingo, lainisha ukingo kwa kitambaa, mvishe. Hakikisha anapumua vizuri, anakula na anakunywa.

MNYAMA ALIYEFUNGWA PLASTA

Mbuzi aliyevunjika sehemu ya chini ya mguu mara nyingi hahitaji kupasuliwa. Hufungwa banzi au plasta. Je, unajua kwamba ile plasta nyeupe ya hospitali inatokana na jasi? Ndiyo, jasi kama hii inayochimbwa hapa Makanya na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Jasi huchomwa mpaka maji yake yatoke, ikawa unga. Unga ukitiwa maji hugeuka kuwa mgumu tena. Tunakanyaga kila siku jiwe linalounga mifupa ya watu.

Plasta nayo ina hatari yake. Angalia kwato au vidole kila siku. Vikiwa baridi, vikivimba, au ukisikia harufu mbaya, usingoje kesho. Mwite afisa mifugo. Mwana mbuzi hukua haraka. Mguu hukua ndani ya plasta na plasta humkaba. Lazima aangaliwe kila wiki.

Punda naye ana haki hiyo hiyo. Punda aliyeshonwa bega asibebeshwe madumu ya maji siku ngozi inapofunga. Kwanza atembee mtupu. Kisha abebe mzigo mwepesi kwa mwendo mfupi. Mzigo mzima uje mwisho. Anayeharakisha siku 10 huweza kumpoteza punda wa miaka 10.

USIFANYE HIVI

Usimpe mnyama dawa za watu. Hapa ninasema kama mtu wa zahanati. Watu huja kuniomba panadol za mbwa na paka, nami huwanyima. Kidonge kimoja tu cha panadol huweza kumwua paka. Mbwa naye huweza kuharibika ini. Brufeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Dawa ya maumivu ya mnyama itoke kwa daktari wa mifugo.

Usimshike mbwa mwenye maumivu bila kujihadhari. Hata mbwa anayekupenda huuma akiumia. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, lakini si kama anatapika au anahema sana. Watoto wakae mbali. Mbwa wako awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Na ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha njoo zahanati siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa mtu, ni vigumu kabisa kumwokoa.

Ukimaliza kumkanda, nawa mikono. Kuna ndugu zetu ambao dini yao inawataka waoshe mate ya mbwa. Afya nayo inataka unawe. Hapo hakuna ugomvi.

WATU WATASEMA

Najua maneno yatakayosemwa. Mmoja atasema, "Watu wenyewe hawana dawa za kutosha, wewe unatibu mbwa?" Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Mazoezi hayanunuliwi. Hayatoi kidonge hata kimoja katika kabati la zahanati. Fedha zilikwisha kutoka siku ya upasuaji. Ukiacha mguu ukauke, umezitupa fedha hizo korongoni.

Mwingine atasema, "Mnyama hujiponya mwenyewe. Mwache." Kidonda kidogo, kweli, hujiponya. Lakini mnyama mwenye maumivu huukunja mguu wake asiutumie, na anapouzoea mwendo wa miguu 3, hana wa kumwambia arudi kwenye 4. Wewe ndiwe wa kumwambia.

Wa tatu atasema, "Mimi nina shamba la mahindi, nina maji ya zamu kwenye ndiva, nitapata wapi wakati wa kutembeza mbwa?" Ndugu yangu, dakika 5 asubuhi ni chache kuliko zile unazongoja zamu yako ya maji. Mpe kazi hiyo mtoto mkubwa, umwonyeshe, umsimamie. Naye atajifunza huruma na kuhesabu dakika kwa pamoja.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mwenye mnyama amtunze na asimwache katika mateso. Lakini mimi sipendi tufike kwenye sheria. Afadhali tufike kwenye faida. Mbwa mzima hulinda mbuzi. Mbuzi hulipa daftari na sare za shule. Punda mzima huokoa mgongo wa mama.

OMBI LANGU

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, walipokaa kwenye vikundi kusikiliza redioni kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tusiishie kusoma.

Kwa madaktari na maafisa wa mifugo, ninaomba hivi: mnapomrudisha mnyama, msimrudishe na sindano tu. Mrudisheni na karatasi yenye maneno mepesi, siku kwa siku. Huku vijijini sasa wako wengi wanaoweza kuisoma.

Kwa waganga wenzangu wa zahanati, ninaomba hivi: tukiulizwa jambo tusilolijua, tuseme, "Sijui, ngoja nikuulizie." Neno hilo halipunguzi heshima. Lingemwokolea yule mama mguu wa mbwa wake.

Na kwako msomaji, shika kalamu. Ulijifunza kuandika ili kalamu ikufanyie kazi. Andika tarehe, andika dakika, andika unachoona. Nami nimekwenda kwa yule mama mjane, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, wala si lake. Alinikaribisha chai. Ana mtoto wa mbwa mpya sasa. Yule wa zamani bado analala mlangoni, na mama hajakubali auawe. Huniambia, "Huyu ndiye aliyekufundisha kazi." Ni kweli.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini goti la mbwa wa kwanza lilikaza, ingawa mfupa na mshono vilipona?

2. Taja mambo 3 ya kumwuliza daktari kabla ya kumchukua mnyama aliyepasuliwa.

3. Kwa nini ni hatari kumpa paka panadol?

4. Katika kijijini chako, mnyama akivunjika mguu watu hufanya nini? Ni lipi liendelee, na ni lipi tuliache?